Vitabu sita vya Maji Maji: kipi ununue, kipi uazime, kipi uache

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Songea. Kata yetu imefungua chumba cha kusomea na nimekabidhiwa shilingi 250,000 ninunue vitabu vya historia, tukianza na Vita vya Maji Maji maana ndivyo vijana wanavyoulizia. Nimepata sita: kitabu cha kiada cha sekondari, historia ya Tanganyika ya John Iliffe, utafiti wa Gilbert Gwassa, Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, tamthilia ya Kinjeketile, na kijitabu kipya cha rangi ambacho muuza duka anakisifia sana. Kimoja kinasema walikufa watu 75,000, kingine 300,000. Kile cha rangi kinasema Kinjikitile, yule mganga aliyeanzisha vita, aliongoza hadi mwisho. Fedha haitoshi kununua vyote. Nitajuaje kipi kina faida kabla sijalipa? Nakutumia picha za kurasa chache za kile kijitabu.

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Nianze na zile namba mbili, maana ukizielewa hizo umeshapata kipimo cha vitabu vyote sita.

Namba ya 75,000 ni ya serikali ya Wajerumani. Waliotoa hesabu ndio walewale waliopiga vita, na walikuwa na kila sababu ya kupenda namba ndogo. Makadirio ya 250,000 hadi 300,000 ni ya Gwassa, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyehesabu pamoja na walioangamia kwa njaa baada ya vijiji kuchomwa, mashamba kuharibiwa na chakula cha ghalani kuchukuliwa. Sasa chukua vitabu viwili, kimoja kimeandika 300,000 kikanyamaza, kingine kimeandika 75,000 kikanyamaza. Vyote viwili vimekunyima kitu kilekile: vimejuaje? Kitabu kinachokupa namba zote mbili na kusema hii ilitoka kwa nani na ile ilihesabiwa vipi, hicho kichukue, hata kama lugha yake inakwaruza kidogo.

Hilo ndilo swali la kukiuliza kila kitabu cha historia, na kwa kweli kila kitabu kisicho cha hadithi: umejuaje? Mengine yote nitakayoeleza ni njia za kulipata jibu haraka, ukiwa umesimama dukani na muuzaji anakutazama.

Tuingie kwenye kijitabu cha rangi. Picha ulizonitumia ni tano, na zinatosha.

Ukurasa wa 41 unasema Kinjikitile Ngwale aliongoza mapambano hadi 1907. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, wiki chache tu baada ya Wamatumbi wa Nandete kung'oa miche ya pamba mwezi Julai. Wakati huo Ungoni walikuwa hata hawajaingia vitani. Maji ya dawa, yaliyoaminiwa kukinga risasi, yalifika kwenu baadaye, yakiletwa na Omari Kinjala, na misheni ya Peramiho ikachomwa Septemba. Kwa hiyo hapo hapajakosewa tarehe tu. Mwandishi anayedhani mtu mmoja aliongoza vita vyote hawezi kukueleza jambo gumu kuliko yote katika historia hii: vita vilisambaaje kutoka milima ya Matumbi hadi Mahenge na Songea ilhali aliyevianzisha ameshakufa? Jibu liko kwa wale wajumbe walioitwa hongo, waliobeba maji ya dawa kutoka eneo hadi eneo, na kila walikofika watu wakayapokea kwa sababu zao wenyewe. Kitabu kisichowataja hongo kina kichwa cha vita, hakina miguu.

Ukurasa wa 37 unasema kila kibanda kilitozwa kodi ya shilingi 3. Namba ni sahihi, fedha siyo. Wajerumani walitoza rupie. Shilingi ilikuja na Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Utasema ni jambo dogo. Si dogo, kwa sababu linaonyesha kwamba mwandishi hakuwahi kukaa na hati hata moja ya wakati ule. Angekaa nayo, neno rupie lingemjaa machoni. Hapohapo uwe mwangalifu na neno senti. Rupie ya Wajerumani iligawanywa kwa pesa 64 mpaka 1904, ndipo ikaanza kugawanywa kwa heller 100. Kitabu kinachoandika malipo ya wakulima wa pamba kwa senti bila kueleza ni senti ya nini kimerahisisha mahali ambapo msomaji alihitaji msaada.

Ramani iko ukurasa wa 20. Imeweka boma la Wajerumani Kilwa Kisiwani. Boma lilikuwa Kilwa Kivinje, bara. Kisiwani ndiko yaliko magofu ya msikiti mkuu na Husuni Kubwa, ya karne nyingi kabla. Kosa hili utalikuta sana, kwa kuwa wachoraji wengi hutafuta "Kilwa" wakachukua ya kwanza wanayoiona.

Picha ya nne ni ukurasa wa 12, ambako jina limeandikwa "Kinjeketile", kwa e. Wanahistoria kwa kawaida huandika Kinjikitile. Kinjeketile ndivyo lilivyo katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969, na mwenyewe alionya katika utangulizi wake kwamba mtu wa jukwaani si yule wa kihistoria. Tahajia peke yake haimfungi mtu, iwe dalili tu. Lakini ukikuta kitabu cha historia kinaandika jina kwa e, halafu kinamwekea mhusika maneno mdomoni kwa alama za kunukuu, bila tanbihi, basi kuna uwezekano mkubwa unauziwa mchezo wa kuigiza uliovalishwa koti la historia.

Picha ya tano ni ukurasa wa hakimiliki, na huu watu wengi huuruka. Umeandikwa "Toleo jipya lililoboreshwa, 2024", ilhali ISBN, yaani namba yake ya utambulisho, ina tarakimu kumi. Tangu Januari 2007 namba hizo zina tarakimu 13, zikianza na 978 au 979. Kitabu kilichotungwa au kuhaririwa upya baada ya hapo hakiwezi kuwa na kumi peke yake. Kwa hiyo kilichopo mbele yako ni kazi ya zamani iliyovishwa jalada jipya. Ukitaka uthibitisho, tafuta kama kinataja jambo lililotokea hapohapo mjini kwenu: tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao wa Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani, na kuomba msamaha. Kitabu cha Maji Maji "kilichoboreshwa 2024" kisichokuwa na tukio hilo hakikuboreshwa na mtu.

Kijitabu hicho kiache, Mwalimu. Picha nzuri, karatasi nzuri, lakini vijana watabeba makosa manne kwa mara moja.

Lakini usifanye kosa la kinyume, la kukitupa kitabu kizuri kwa sababu ya kosa moja. Kuna kuteleza na kuna kutojua. Ukikuta "1950" mahali pa 1905, na kurasa zinazofuata zinaendelea vizuri na 1906, huyo ni mpiga chapa. Ukikuta kosa ambalo limebeba hoja nzima, kama hilo la Kinjikitile kuongoza hadi 1907, huyo ni mwandishi. Rekebisha la kwanza kwa penseli, likimbie la pili.

Kipimo cha nyumbani

Vipimo kama hivyo unaweza kujitengenezea mwenyewe kwa kitabu chochote. Kabla hujafungua kitabu, andika kwenye karatasi mambo matatu unayoyajua kwa hakika juu ya mada: tarehe moja, mahali pamoja, na jambo moja la fedha au la vyeo. Kisha yatafute. Wewe wa Songea una kipimo ambacho mtu wa Dar es Salaam hana. Angalia kama kitabu kinatenganisha falme mbili za Wangoni, Njelu ya Nkosi Mputa na Mshope ya Chabruma. Mputa alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906; Chabruma aliwaponyoka akavuka kuingia Msumbiji. Kitabu kinachosema "chifu wa Wangoni" kwa umoja kimetazama Ungoni kutoka mbali sana. Kinaweza kufaa kwa Kilwa na Rufiji, ila kwa wajukuu wa waliopigana hapo kwenu hakitoshi.

Baada ya hapo nenda mwisho wa kitabu, kwenye faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa yanakopatikana. Kama hakina faharasa na kina kurasa zaidi ya 150, hesabu hilo kama pungufu kubwa kwa maktaba, kwa kuwa kijana anayetafuta jambo moja hatasoma kurasa zote. Kama ipo, tafuta maneno matatu: njaa, wanawake, askari. Njaa, kwa sababu ndiyo iliyoua wengi kuliko risasi. Wanawake, kwa sababu waliobaki na mashamba yaliyochomwa ni wao. Askari, kwa sababu wengi wa waliobeba bunduki upande wa Wajerumani walikuwa Waafrika, na kitabu kinachosimulia vita kama Wazungu upande huu na Waafrika upande ule kimeficha sehemu chungu ya habari. Neno lisipokuwepo kwenye faharasa, usihukumu papo hapo. Faharasa nyingine hutengenezwa vibaya. Fungua sura ya matokeo ya vita uone mwenyewe.

Kisha tanbihi. Chagua tatu bila kuchagulia, moja mwanzoni, moja katikati, moja mwishoni, na ufuate zinakokwenda. Vitabu vya Maji Maji vilivyofanyiwa kazi vina alama zinazojirudia. R 1001 ni mafaili ya wizara ya makoloni ya Ujerumani, yaliyoko hifadhi ya taifa huko Berlin. Herufi G ikifuatiwa na namba, pamoja na jina la Nyaraka za Taifa, ni mafaili ya Kijerumani yaliyobaki Dar es Salaam. MMRP ni mradi wa utafiti wa Maji Maji wa mwaka 1968, ambao wanafunzi wa Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee. Ukiona mchanganyiko wa hizo, mwandishi aliinama akafanya kazi. Ukiona tanbihi tatu zote zinakwenda kwenye vitabu vya kiada, na vile vya kiada navyo vilinukuu vingine, hapo unanunua mwangwi.

Neno moja juu ya sifa za jalada la nyuma: zisome mwisho, au usizisome kabisa. Zinaandikwa na mchapishaji au na rafiki wa mwandishi. Na zile nyota za wauzaji wa mtandaoni nusu yake ni watu wanaolalamika kwamba kifurushi kilichelewa. Mapitio yenye faida utayajua kwa jambo moja: yanataja ukurasa. Mtu anayesema "sura ya 3 imeegemea mno taarifa za wamisionari" amesoma. Anayesema "kitabu kizuri sana, nimejifunza mengi" huenda alisoma yaliyomo tu.

Umri wa kitabu: tazama mada kwanza

Wasomaji wengi wameambiwa kwamba kitabu kipya ni bora kuliko cha zamani. Kwa mada nyingine ni kweli kabisa. Chukua Kilwa, kwa kuwa najua itafuata kwenye rafu yenu. Vitabu vya miaka ya 1960 vitakuambia kwamba Ali bin al-Hasan, anayehesabiwa sultani wa kwanza wa Kishirazi, yaani wa asili ya Uajemi, alifika mwaka 957, kwa kufuata masimulizi ya kale ya Kilwa. Mwanaakiolojia Neville Chittick akachimba Kilwa, akasogeza tarehe hiyo mbele hadi karibu na 1200. Kisha 1984 hazina ya sarafu ilifukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba: sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zikiwemo za Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari za dhahabu ambazo ya mwisho wake ni ya 1066. Tarehe ikarudi nyuma hadi karne ya 11. Juu ya hayo, mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani, ukaonyesha damu ya Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama, ikichanganyika na ya Uajemi kuanzia karibu mwaka 1000. Kwa hiyo kitabu cha 1975 juu ya Kilwa kitakupa maelezo mazuri ya majengo na tarehe zilizopitwa, na kile kilichoshikilia kwamba Waswahili ni Waajemi watupu kimekosea sawa na kile kilichosema habari ya Shirazi ni uzushi mtupu.

Maji Maji mambo yamegeuka. Kijana wa miaka 15 mwaka 1905 alikuwa mzee wa 78 mwaka 1968. Waliomhoji walipata kitu ambacho hakuna mtafiti wa leo anayeweza kukipata tena, hata awe na fedha kiasi gani. Ndiyo maana utafiti wa Gwassa una thamani ileile. Alikamilisha tasnifu yake 1973, lakini kitabu kilichapishwa Ujerumani mwaka 2005. Ukitazama mwaka wa chapa peke yake utadhani ni utafiti wa karne hii. Jifunze kutafuta miaka miwili: mwaka kitabu kilipochapishwa, na mwaka habari zilipokusanywa. Huo wa pili huwa kwenye dibaji au shukrani.

Hata simulizi za wazee zina upande wake. Zilikusanywa miaka michache baada ya Uhuru, wakati Maji Maji imeshafundishwa kama mbegu ya TANU. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliitaja vita hiyo alipozungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956. Mzee anayehojiwa na kijana wa chuo kikuu mwaka 1968 alijua kijana anapenda kusikia nini. Hilo halifuti ushahidi wake. Linakufanya uulize nani aliuliza, kwa lugha gani, na mbele ya nani.

Sasa vitano vilivyobaki

Cha Iliffe, kilichotoka 1979, ndicho uti wa mgongo. Kina kurasa zaidi ya 600, kinaanzia karibu 1800 mpaka Uhuru, na Maji Maji imo kama sura, siyo kitabu kizima. Faida yake ni kwamba kinakuonyesha yaliyotangulia na yaliyofuata: kodi, pamba ya kulazimishwa, maakida, kisha namna utawala ulivyobadilika baada ya vita. Kiko kwa Kiingereza, na Kiingereza kizito. Kijana wa kidato cha pili atakifunga ukurasa wa tatu. Kwa hiyo kinunue kama unakusudia kukitumia wewe: soma sura moja, uandike muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, uubandike ukutani. Kama huna muda huo, kitakaa rafuni kinakusanya vumbi kwa heshima.

Cha Gwassa ni cha kina zaidi kwa mwanzo wa vita, hasa Matumbi na Rufiji: jinsi pepo Hongo alivyomshukia Kinjikitile huko Ngarambe, maji yalivyochanganywa, nani alikwenda kuyachukua. Kwa Ungoni kinapungua, na kinaegemea kuonyesha umoja wa makabila kuliko waandishi waliokuja baadaye wanavyokubali. Kama duka linacho kwa bei inayolingana na cha Iliffe, nunua kimoja tu kati ya viwili. Ungekuwa Kilwa ningesema Gwassa. Songea nasema Iliffe.

Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini usiuache. Mtunzi alikuwa Lindi, mtu wa wakati uleule. Ulichapwa kwanza Berlin mwaka 1933, na 1957 ukatoka tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley. Vijana wataupenda kwa sababu unasomeka kwa sauti. Lakini waambie mapema kwamba mtunzi anaitazama vita kwa jicho la mji wa pwani, siyo la mkulima wa Matumbi aliyelazimishwa pamba. Hapo ndipo kuna faida kubwa kuliko zote, kwa sababu kijana anagundua kwamba "chanzo cha wakati uleule" si sawa na "chanzo kisichopendelea". Ukipata chapa isiyo na utangulizi wala maelezo ya maneno magumu, bei yake iwe ndogo. Maneno mengi ya Kiarabu na ya kale hayatafahamika bila msaada.

Hapohapo niseme juu ya kitabu ambacho hakimo kwenye orodha yako lakini utakutana nacho kimenukuliwa: cha Gavana Götzen, aliyekuwa akitawala vita vilipoanza, kilichotoka Berlin 1909. Anayekuambia "aliyekuwepo ndiye anayejua" atakutajia huyu. Götzen anafaa kwa jambo moja, yaani askari gani walitumwa wapi na lini. Kwa sababu za vita hafai, kwa kuwa alikuwa akijitetea, na mtu anayejitetea hulaumu waganga kabla ya kulaumu amri zake za pamba. Na msiseme "kwa kuwa ni Mzungu". Iliffe naye ni Mzungu. Tofauti yao ni nani alikuwa na cha kuficha, na nani alionyesha alikopata habari.

Tamthilia ya Kinjeketile nunua nakala mbili au tatu kama bei inaruhusu, ndogo na nyepesi kama ilivyo. Isiwekwe kwenye rafu ya historia. Iweke kwenye fasihi, na kwenye rafu ya historia andika "tazama pia". Imewafanya vijana wengi kutaka kujua zaidi kuliko kitabu chochote cha kiada, na imewafanya wengi vilevile kujibu mtihani kwa maneno ya jukwaani.

Kitabu cha kiada hakina mengi ya kusema. Sababu, matukio, matokeo, kwa orodha. Angalia kinafuata mtaala upi, kwa kuwa mtaala ulibadilika 2023 na somo la Historia ya Tanzania na Maadili likaingia. Cha mtaala wa zamani mtauziwa kwa bei ya kutupa. Ithibati iliyopigwa muhuri inakuambia kwamba kinalingana na muhtasari wa somo. Haina maana kwamba kila sentensi imekaguliwa na mwanahistoria. Nakala moja inatosha, maana shuleni wanavyo.

Kuna kimoja cha kuazima badala ya kununua: mkusanyiko wa makala uliohaririwa na James Giblin na Jamie Monson, uliotoka 2010. Ni wa wachapishaji wa Ulaya na bei yake itameza bajeti yako yote. Ulizia maktaba ya mkoa kama wanaweza kukuagizia, au mwombe kijana yeyote wa kwenu anayesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akitazame huko kwenye mkusanyiko wa East Africana. Humo mna makala ya Heike Schmidt inayohusu Ungoni wakati wa vita na baada yake. Kwa wasomaji wa Songea hiyo moja ina faida kuliko sura nne za kiada. Kwa ujumla mkusanyiko huo unapinga hadithi ya umoja uliopangwa, na kutazama mambo ya kila mahali: mipaka ya machifu, uwindaji wa tembo, misitu, njaa. Msiusome kwanza. Usomeni baada ya Iliffe, la sivyo hamtajua unabishana na nani.

Mgawanyo wa fedha ningeufanya hivi: karibu nusu kwa Iliffe, robo kwa utenzi na tamthilia, kinachobaki kwa kiada kimoja na daftari kubwa la kuandikia wanaoazima. Tenga 25,000 kabla hujanunua chochote kwa ajili ya nailoni ya kufunika, gundi na uzi. Kitabu kilichobandikwa kwa gundi tu huachia kurasa kikipita mikononi mwa wasomaji wengi. Bora kukishona kabla hakijaachia.

Mtakapofika dukani, kagua kwa vidole. Kitabu hutengenezwa kwa karatasi kubwa zilizokunjwa, mara nyingi kila moja ikitoa kurasa 16. Ikirukwa moja, unakosa kurasa 16 kwa mpigo, na muuzaji hajui. Pitia namba za kurasa kwenye 16, 32, 48, 64, uone kama zinaendelea. Kama ramani imekuwa doa jeusi na herufi zina kivuli, umepewa nakala iliyodurufiwa kinyemela. Kwa kitabu cha historia ramani iliyofutika ni hasara ya kweli, siyo ya urembo.

Vikishafika kata, weka karatasi moja ndani ya jalada la nyuma la kila kitabu, yenye safu tatu: ukurasa, kilichoandikwa, kilicho sahihi na kimetoka wapi. Waachie vijana waijaze kwa penseli, na wewe uwe wa kwanza. Kwenye kiada anzia na ukurasa wenye idadi ya waliokufa.